Aliyeitika

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia nikamwona dada yangu kakaa mstari wa pili, mkoba magotini, midomo kaibana. Miaka yote hii hatusalimiani, halafu achague kuja leo!

"Nani kamwalika?" nikamuuliza fundi taa.

"Bibie, picha yako imebandikwa mji mzima. Hata paka wana habari."

Sijasomea uigizaji, tuelewane. Mimi ni mpiga pasi wa hospitali, mashuka na makoti meupe, tangu sina mvi mpaka leo nazipaka rangi. Onyesho lenyewe ni maisha yangu katika mji huu, na watu wote nawaigiza mimi: msimamizi anayekohoa kwanza ndipo aamrishe, mwenye nyumba, na mume wangu aliyeaga anakwenda kununua vocha, mpaka leo mtandao haujapatikana. Watu huwa wanacheka. Halafu mwishoni anaingia mama.

Hapo ndipo penye kesi. Dada alimuuguza mama miezi chungu nzima, akimlisha, akimgeuza kitandani. Siku hiyo alitoka kwenda kuoga tu. Mimi nikapita wodini nikitokea chumba cha pasi, nikamkuta mama macho hayaoni tena, anaita, "Kidosho!" Ndivyo alivyomwita dada, tangu utotoni. Akaita tena. Sasa ningekaa kimya, mgonjwa anahangaika? Nikaitika, "Abee, mama," kwa sauti ya dada. Akatulia. Dada aliporudi, nywele bado zimelowa, mama keshakata roho.

Nilimsimulia mwenyewe, nikidhani namfariji. Akasema, "Ile abee ilikuwa yangu." Tangu siku hiyo hanijui. Na mimi nikanuna, maana kiburi hakupewa yeye peke yake.

Basi onyesho likaanza. Watu walicheka kwa msimamizi, wakacheka kwa mume; dada hata jino. Nikaendelea kupiga pasi koti jeupe pale jukwaani. Niliogopa kitu kimoja tu: nikifika kwa mama, atasimama aniumbue mbele ya umma, kisha atoke, na udugu wetu uishie pale mlangoni. Nikawaza niruke kipande chote. Lakini fundi taa hazimi mpaka asikie neno "abee". Ningebaki kwenye mwanga nimeduwaa kama kuku aliyenyeshewa.

Nikapanda juu ya meza ya kupigia pasi, nikajilaza, nikafumba macho. Nikaita kwa sauti ya mama, ile iliyokauka ya siku za mwisho.

"Kidosho!"

Hapo natakiwa nigeuke upande wa pili niitike. Neno likagoma. Mungu wangu, nitasema nini mimi? Nikasikia kiti kinaburutwa mstari wa pili. Haya, yametimia, anasimama. Kwa woga nikaita tena, bila kujua kama naigiza au namwita kweli.

"Kidosho!"

"Abee, mama."

Sauti ilitoka kule chini ukumbini, mstari wa pili. Fundi taa, kazi ni kazi, akazima. Nadhani watu waliamini ndivyo tulivyopanga. Nilisikia viatu vya dada vikipanda ngazi za jukwaa gizani. Mkono ukanipapasa bega, ukapanda, ukanishika shavu.

"Nilikwenda kuoga tu, mama," akasema. "Sikukawia."

Nilitamani kumwambia ni mimi, mdogo wake, anisamehe, twende nyumbani. Lakini hakuwa amekuja kuniona mimi.

"Najua, mwanangu," nikamjibu, kwa sauti ya mama.