Wanawake Wote Aliowakataa

Siku moja kabla ya kufanyiwa upasuaji wa koo, mume wangu alishinda akinikataa.

Kazi yetu ni kutia sauti filamu za kigeni. Hii ilikuwa ya kuchekesha: bwana mmoja mwenye maringo anasaka mke asiye na doa, na kila anayempata anamtoa kasoro. Huyu anakoroma, yule anacheka kama kuku aliyekanyagwa, mwingine anatafuna kwa kelele. Studio yetu ina mkono wa birika, kwa hiyo hao wote nikawa mimi. Mume wangu akawa bwana. Mchumba wa mwisho, aliyekamilika, alipewa binti wa mapokezi kwa kuwa ana sauti laini.

Daktari alikuwa ameshasema uvimbe wa mume wangu umekaa pabaya, na akiutoa, sauti nayo inaondoka. Nilitaka kitu kimoja tu, na sikuona haya kukitaka: sauti ya mume wangu ibaki mahali, ikisema neno jema nitakalolisikiliza uzeeni.

Lakini tangu asubuhi neno lilikuwa moja. "Hapana, bibie, wewe siye." Nami nacheka kama kuku. Fundi wa sauti alikuwa hoi kwa kicheko, mimi moyo unaniungua.

Ikabaki sentensi ya mwisho, ile anayoambiwa mchumba: "Kumbe ni wewe niliyekuwa nikikutafuta." Sauti ikakatika njiani. Akajaribu tena, ikakatika.

"Pole, kaka," fundi alisema. "Kunywa maji ya uvuguvugu kwanza."

Alikunywa. Kisha akaipa skrini kisogo, akanitazama mimi niliyesimama nje ya kioo cha chumba cha kurekodia, akaisema. Ilikwaruza, lakini ilitoka yote. Nililia palepale bila aibu.

"Haijakaa mdomoni," fundi alisema, macho kwenye mashine yake. Ndivyo tunavyosema maneno yakipishana na midomo ya mwigizaji. Na kisichokaa mdomoni hufutwa papo hapo, ndio utaratibu wetu, mkono wake umeuzoea kuliko akili. Nilipofika mlangoni kwake alikuwa ameshafuta.

"Haiwezi kurudi?"

"Hairudi, shemeji. Sasa si ungeniambia mapema?"

Tusi nilikuwa nalo ulimini, nikalimeza. Mume wangu alijaribu tena na tena. Hakikutoka kitu ila pumzi.

Sentensi ile ikaja kusemwa na mtangazaji mmoja wa redio, mtu nisiyemjua hata kwa sura.

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama, yeye amejifunga skafu kuficha tundu la shingoni. Watu walivunjika mbavu. Kila aliponikataa walipiga makofi, nami niliitegea sikio sauti ile kwa uchu na kwa hasira. Ndiyo yote niliyobakiziwa, na yote ilikuwa inasema hapana.

Ilipofika sentensi ya mwisho, mume wangu alinigeukia na kunishika mkono. Midomo yake ikacheza pamoja na sauti ya yule mtangazaji: kumbe ni wewe niliyekuwa nikikutafuta. Niliitazama kwa jicho la kazi, sikuweza kujizuia. Ilikaa mdomoni barabara.