Zamu ya Mlangoni

Mdogo wangu hakuwa amelala chali tangu atoke jeshini, na hiyo ni miaka kumi na moja. Alilala amekaa kwenye kiti cha mbao, mgongo ukutani, uso umeelekea mlango. Mkewe alilala chumba cha ndani na kujifungia kwa komeo la chuma. Komeo lenyewe alilifunga mdogo wangu kwa mkono wake, skrubu nne, akalijaribu mara mbili kama linakaza. Majirani walidhani wameachana. Hawakuachana. Walikula sahani moja na kutaniana mchana kutwa, ila giza likiingia kila mtu na upande wake.

Mimi ni kaka mtu. Niliendesha malori ya jeshi miaka mitatu, nikatoka, nikapasua mawe, nikapaka meli rangi, nikalinda kiwanda cha sabuni, na kuna miji sikukaa hata kumaliza pakiti ya chumvi. Mtembezi hula miguu yake, mama alikuwa akiniambia, na kweli nilirudi kwa mdogo wangu nikiwa na goti moja zima. Wakanipa kochi la sebuleni. Ndipo nilipojua analalaje.

Mwaka huo binti yao alijifungua. Mumewe alikuwa amepata kazi mbali, ikaamuliwa binti aje na mtoto akae kwa wazazi wake miezi mitatu. Shemeji alinivuta jikoni.

"Shemeji, wewe ndiye mkubwa. Mwambie mdogo wako. Nikisema mimi itaonekana namfukuza."

"Nimwambie nini?"

Akanionyesha kidole chake cha shahada, kile kilichopona kikiwa kimepinda. "Mara ya mwisho aliponikaba shingo usingizini, nilimsukuma, kidole kikaenda. Mimi mtu mzima nilijinasua. Mtoto wa wiki tatu atajinasua vipi?"

"Hajui anachofanya, shemeji."

"Hilo ndilo ninaloogopa. Angekuwa anajua ningemsema akaacha."

Neno lake lilikuwa hili: mpaka mwisho wa mwezi, ama mumewe awe anaweza kulala kama watu wengine na kuamka bila kumshika mtu, ama ahamishe kiti chake karakanani kabla mtoto hajafika. Nililipeleka kama lilivyo. Mdogo wangu ni fundi mizani, na siku hiyo alikuwa ameifungua mizani ya muuza mchele, anasafisha kutu. Hakuinua macho.

"Kasema kweli," alisema. "Mwezi una siku ngapi?"

"Zimebaki ishirini na mbili."

"Nipe hiyo bisibisi ndogo."

Msaada ulikuja kwa miguu yake. Mkunga mmoja mstaafu alileta mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza, mshale umekwama. Akamtazama mdogo wangu macho yake mekundu, akamwuliza bila kuzunguka, "Unalala saa ngapi wewe?" Alipojibiwa alisema ana darasa la yoga kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwenye ghala la zamani la mbegu nyuma ya zahanati. Bure. Wengi ni askari wa zamani, na wanawake wawili wa sokoni wanaoumwa migongo.

"Yoga si kujikunja kama kamba?" nilimwuliza.

"Kujikunja ni kwa wenye mifupa. Wangu mimi asiye na mguu anatumia kiti, asiye na pumzi anaegemea ukuta. Wewe naona utatumia ukuta."

Tulikwenda. Ghala lilikuwa na madirisha ya juu sana na ukutani bado kuna namba za magunia zilizopakwa rangi nyeusi. Mlango mmoja tu. Mdogo wangu aliuhesabu huo mlango kabla hajavua viatu. Kwenye mikeka walikuwepo wanaume saba. Mmoja alijulikana kama Betri kwa sababu jeshini alibeba betri za redio mpaka mgongo ukapinda, naye ndiye aliyekuwa mdomo wa darasa.

"Vuta kwa nne, toa kwa sita," Mkunga alisema, akitembea katikati yetu na soksi zake za sufu. "Nimewafundisha kupumua wanawake walio kwenye uchungu wa kweli. Nyinyi hamtanishinda."

"Mama, na mimi hili tumbo lina miezi tisa," Betri alisema.

"La kwako limepitiliza. Inua mikono."

Tuliinua mikono, tukainama, tukapiga magoti na kuweka paji la uso chini. Si kazi ngumu. Ugumu ulikuja mwisho, pale kila mtu alipotakiwa alale chali, mikono kando, viganja juu, afumbe macho dakika kumi. Mkunga alisema vitabuni mlalo ule unaitwa maiti. Akaziona nyuso zetu. Toka siku hiyo akauita kupumzika tu, lakini neno likitoka limetoka.

Hakuna aliyefumba macho. Nilichungulia nikakuta wenzangu wote wanachungulia, shingo zimegeukia mlango. Mdogo wangu hata hakulala, alikaa akikumbatia magoti. Mkunga alidhani sakafu ni baridi, akaleta mablanketi. Tukajifunika, tukaendelea kutazama mlango.

Alhamisi Betri akasema lililokuwa moyoni mwa wote. "Mama Mkunga, usikasirike. Hapa nani yuko zamu?"

"Zamu ya nini?"

"Sisi hatulali wote kwa pamoja. Mtu akilala, mwenziwe anakaa macho. Hivyo ndivyo tulivyolelewa."

Mkunga akaenda mwenyewe kuchukua kiti, akakiweka mlangoni. "Haya. Pangeni."

Wakapanga kwa vidole, haraka, kama watu waliosubiri kuulizwa. Siku hiyo Betri alikaa kitini na wengine wakalala. Mmoja alikoroma. Mdogo wangu alilala chali dakika nne, macho yamefumbwa kwa nguvu kama mtu anayemeza dawa, akainuka na shati limelowa. Jumanne iliyofuata alimaliza dakika saba. Alhamisi alimaliza kumi. Njiani alinunua chungwa, akalimenya akitembea, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, maana kila mara alitaka mikono yake iwe huru.

Mkunga aliniambia, "Mwambie shemeji yako aje Jumanne aone mwenyewe. Akiona, moyo wake utatulia."

Shemeji alikubali. Zilikuwa zimebaki siku tano mtoto afike. Jumanne hiyo mdogo wangu alisema neno moja tu kwenye kupanga zamu: "Nataka kaka akae mlangoni."

Betri alicheka. "Dereva? Madereva hawajui zamu. Kazi yao ni kulala chini ya lori."

"Atakaa kaka," mdogo wangu alirudia.

Ni kweli sijawahi kulinda zamu ya jeshi hata siku moja. Kile kiwanda cha sabuni nilikilinda nikiwa na mbwa, na aliyelinda ni mbwa. Lakini nilikaa. Shemeji alikaa kwenye benchi kando ya ukuta, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mdogo wangu alinitazama, akamtazama mkewe, akalala chali, akafumba macho taratibu, bila kuyakaza.

Nikaona kifua chake kinashuka. Kwa nne, kwa sita. Nilikuwa nimekesha naye wiki nzima sebuleni nikimhesabia pumzi hizo hizo. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la juu na kunigonga begani. Sauti ya Mkunga ilikuwa inasema tuache mabega yazame. Sikuambiwa mimi, lakini yangu yalizama.

Yaliyofuata sikuyaona. Shemeji ndiye aliyenisimulia, zaidi ya mara moja.

Nilikoroma. Mdogo wangu alifumbua macho pale pale, ila hakuruka. Aligeuza kichwa, akaniona nilivyo, kidevu kifuani. Akaketi. Akawatazama wenzake waliolala chini ya mablanketi, mmoja mmoja. Kisha akatambaa kwa magoti hadi kwa Betri, akamwekea vidole viwili chini ya taya, akasubiri. Akahamia kwa wa pili. Akasubiri. Wa tatu. Baadhi walikuwa macho sasa, wakamwacha, maana askari anajua mkono wa namna hiyo. Mkunga alimwinulia shemeji kiganja kumzuia asiseme. Mdogo wangu aliwapitia wote, midomo inahesabu bila sauti, mpaka akafika mlangoni.

Mimi niliamshwa na vidole shingoni. Sikufikiri. Nilimpiga ngumi usoni kwa nguvu zote za mtu aliyepasua mawe.

Akaanguka, mimi na kiti tukamwangukia. Nyusi ilikuwa imepasuka. Alinitazama kutoka pale chini, damu inamwingia jichoni, hana hasira.

"Uko hai," alisema. "Nilikuwa naangalia tu."

Hakuna aliyecheka, hata Betri. Mdogo wangu aliketi sakafuni akasema yote, kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba mizani yake inapunja. Nilijua zamani kwamba aliwahi kusinzia zamuni na wenzake wakauawa. Hilo aliniambia mara moja tu, nikiwa napita kati ya safari na safari. Sikujua kilichofuata. Alipozinduka kulikuwa kumekucha, na wenzake wote saba wamelala kwenye mablanketi yao vizuri tu, kama waliopumzika. Aliwapitia kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Wa saba alikuwa bado na joto.

Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfuta damu kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kile kidole kilichopinda kimesimama kando.

"Na mimi je?" alimwuliza. "Zile mara zote?"

"Ulikuwa umenyamaza sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua ni nini. Nilikuwa nikizinduka nakuta unalia na mimi nimekushika. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefanya nikiwa macho."

Nilidhani basi, fundo limefunguka. Nikajitia kuwa mtu wa maana. "Umeona, shemeji? Hakuwa anakukaba."

"Nimeona," alisema. Akaendelea kufuta. Uso wake haukuwa uso wa mtu anayekwenda kung'oa skrubu nne.

Mdogo wangu ndiye aliyemaliza. "Shingo ya mtoto wa wiki tatu haijakaza," alisema. "Hata vidole viwili ni vizito."

Jumamosi tulihamisha kiti. Nilikibeba mimi kichwani mpaka karakanani, yeye akabeba blanketi na taa. Tulikiweka katikati ya mizani zilizoning'inia, mgongo ukutani. Hakunilaumu njia nzima. Angenitukana ningepata pa kushika. Nilimwambia samahani, akasema, "Ulikuwa umechoka, kaka," na hayo ndiyo maneno aliyokuwa akitamani mtu amwambie yeye, miaka kumi na moja, na hakuna aliyebaki wa kuyasema.

Binti alifika Jumapili. Kesho yake alimleta mtoto karakanani, wakamweka kwenye ile mizani ya Mkunga iliyokuwa tayari. Mdogo wangu alisoma mshale kutoka hatua mbili, mikono ameikunja nyuma.

"Mshike, baba," binti alisema.

"Nimeshamwona. Anapumua vizuri. Mpeleke, kuna vumbi hapa."

Darasa bado lipo. Na limewasaidia watu, sitasema uongo. Betri analala mpaka kunakucha na ameacha vidonge. Yule wa mguu mmoja amerudi kushona viatu. Mmoja aliyekuwa haongei sasa anatuchosha. Wote wanasema ni kwa sababu ya mtu aliye mlangoni, maana tangu siku ile kiti ni cha mdogo wangu na hakuna anayepangiwa zamu nyingine. Anakunja mikono na kuvuta pumzi nasi, ila ikifika pale pa kulala, anakwenda kukaa. Dakika kumi zikikaribia kwisha anainuka na kupita, vidole viwili, mmoja mmoja. Mkunga anamsubiri amalize ndipo atuamshe.

Shemeji naye huja. Alimwachia binti mtoto na nyumba, akanunua mkeka wa kijani, akautandika karibu kabisa na kiti. Jioni anarudi nyumbani kwenye komeo lake, kwa sababu mtoto yumo ndani, na mumewe anarudi kwenye mizani zake.

Mimi sijasinzia tena pale. Nalala chali kama tunavyoambiwa, nafumba macho, nasikia nyayo zake zinakuja sakafuni. Juzi nilichungulia. Alikuwa amefika kwa mkewe. Naye, bila kufumbua macho, aliinua kidevu kidogo ili vidole vipate pa kukaa. Mdogo wangu alivikalisha pale, akasubiri, akasubiri zaidi ya anavyosubiri kwa wengine. Kisha akaja kwangu, na mimi nikainua kidevu.