Mkono wa Kushoto

Kibofu cha mjamzito hakina adabu. Hakijui kama bosi anaangalia, hakijui kama taa imebakiza nusu dakika iwe nyekundu. Kikitaka kimetaka. Ndiyo maana Mama Kijacho, mwenye mimba ya miezi minane, kila siku alifanya kazi amebana miguu kama mtu anayevuka mto juu ya gogo moja.

Kazi yenyewe ukimweleza mtu anacheka. Kampuni ni ya wageni. Jengo zamani lilikuwa ghala la magodoro, na madirisha yamepakwa rangi nyeupe ili jua lisipige kwenye skrini. Watu sitini wanakaa kwa safu. Picha za barabara zinakuja, barabara za nchi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezikanyaga, na wao wanachora boksi kwa kipanya. Mtu, boksi. Baiskeli, boksi. Mbwa, boksi. Magari ya huko yanafundishwa kujiendesha yenyewe, na walimu wake ndio hawa, ambao wengi hawajawahi kushika usukani.

Juu ya kila skrini kuna taa ndogo. Ukichora inakuwa kijani. Ukitulia dakika moja, njano. Dakika mbili, nyekundu. Nyekundu tatu kwa wiki moja, mlango ule pale. Sasa choo kiko mwisho wa korido, na kwenda na kurudi, hata kwa mwenye miguu mizima, ni dakika nne.

Kwa hiyo watu wakajitungia lao. Wakaliita kushikiana. Ukitaka kutoka unamgusa jirani begani, unasema "nishikie," naye anaweka mkono mmoja kwenye kipanya chake na mwingine kwenye chako, anachora huku na huku mpaka urudi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Kushoto kwa Mama Kijacho kulikuwa na ukuta tu; aliyekaa kulia alikuwa kijana wa miaka thelathini, ila mvi zilimwahi, wakamwita Babu.

"Babu, nishikie."

"Tena? Huyo mtoto wako kaajiriwa na kampuni ya maji?"

"Nishikie bwana, utanichekesha niaibike hapa hapa."

"Nenda, mama, nenda. Mimi ni dereva wa magari mawili."

Akirudi anakuta taa yake kijani, na Babu mikono imetawanyika mezani kama mtu anayepiga ngoma mbili za harusi mbili tofauti.

Mama mkwe wake alimuuliza mara nyingi, si uache tu hiyo kazi, mwanangu? Kwani umefungwa? Naye alikuwa anajibu neno moja tu: kadi. Kadi ya bima. Miaka mitatu nyuma mtoto wake wa kwanza alikaa vibaya tumboni. Hospitali yenye daktari wa upasuaji walimdai kadi, hakuwa nayo. Mumewe, fundi wa majokofu, alimzungusha huku na kule kwenye gari la kubebea majokofu, amelala kati ya majokofu mawili mabovu. Walipofika mahali walipokubaliwa, mkunga alisikiliza tumbo muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu ameshachoka." Hakusema zaidi ya hapo. Ameshachoka.

Mara hii daktari kamwambia mapema: utapasuliwa, usithubutu kusubiri uchungu. Na kadi inakufa siku kazi inapokufa, siku hiyo hiyo. Zilibaki wiki tatu.

"Vumilia mke wangu," mumewe alikuwa anamwambia. "Tatu tu. Ng'ombe tumeshamla mzima, umebaki mkia."

"Mkia ndio mgumu," alijibu.

Wiki hiyo ilikuwa imeanza vibaya. Jumatatu Babu aliumwa, hakuja, na kiti chake kikawa kitupu. Mama Kijacho akapata nyekundu mbili kabla ya mchana. Jumanne na Jumatano alikunywa maji ya kulowanisha ulimi tu. Alhamisi Babu alirudi, na saa nne asubuhi Mama Kijacho akaitwa chumba cha vioo.

"Nishikie," akamwambia Babu, na safari hii hakuna aliyetania.

Ndani alikuwepo Ndiyo Bwana. Huyo ndiye mkuu wa sakafu, mwenzao wa hapa hapa, ila tangu apewe cheo shingo yake ilijua kwenda juu na chini tu. Kwenye skrini kubwa ukutani alikuwepo Kioo. Jina lake la kweli lilikuwa gumu kutamka, na hakuna aliyewahi kumwona nje ya kioo, basi ikawa hivyo. Mwezi uliopita aliwatumia wote picha yake amekumbatia mbwa wake, na chini maneno: sisi ni familia.

Kioo akasema maneno mengi. Ndiyo Bwana akatafsiri, "Anakusalimia."

Kioo akasema mengine, marefu zaidi. "Anauliza mimba inaendeleaje."

"Mwambie inaendelea."

Ikaletwa picha. Barabara, ukuta, pipa la maji. Nyuma ya pipa alichuchumaa mtoto, yanaonekana magoti na utosi. Hakuwa na boksi.

"Hii ina namba yako," Ndiyo Bwana akasema. "Mtoto umemruka. Gari lililosomea picha hizi limegonga kwenye majaribio."

Mama Kijacho akadakia, "Limegonga mtoto?"

"Sanamu ya mtoto. Wanatumia sanamu."

Zikaletwa nyingine, nyingi, zote za namba yake. Kioo akawa anaelekeza kwa kalamu. Boksi zilikuwa zimenyooka, zimenyooka, halafu kumi hivi zimepinda kama zimechorwa na mlevi, halafu zikanyooka tena.

"Anasema hizi zilizopinda zinatokea kila baada ya saa moja na nusu. Anasema huu ni mkono wa kushoto. Anauliza ni wa nani."

"Mwambie nilikwenda chooni. Mwambie nina mimba na korido ni ndefu."

Ndiyo Bwana hakutafsiri.

"Mwambie basi."

"Hilo siwezi, dada yangu."

"Kwa nini?"

Akaangalia meza. Akashusha sauti, ingawa Kioo asingeelewa hata neno moja. "Waliponiuliza kabla ya kuweka zile taa, mimi ndiye niliyewaandikia kwamba choo kiko karibu."

Kioo akanywa kahawa yake, akasema tena. Safari hii Ndiyo Bwana akatafsiri yote. Akisema ni yeye aliyechora, basi hafai, anatoka leo. Akimtaja aliyemshikia, huyo anatoka, yeye anabaki. Kwa sababu kampuni inamjali mjamzito. Kwa sababu sisi ni familia.

"Familia gani inayomhesabia mtu mkojo?"

"Hilo pia sitafsiri."

Mama Kijacho alimwaza Babu na wadogo zake watatu aliowalea tangu wazazi walipoondoka, yule wa mwisho anamwita baba kabisa. Alitaka kusema ni mimi. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limeshakaa mdomoni. Halafu mtoto akageuka tumboni, goti au kisigino, akasukuma ubavu kwa nguvu, na yeye akalisikia gari lile likiruka kwenye mashimo, majokofu yakigongana huku na huku.

"Wa kulia kwangu," akasema.

Ndiyo Bwana akatafsiri. Lilikuwa neno fupi sana.

Alirudi kwenye safu kwa hatua za mtu anayetembea kwenye kiza. Babu alikuwa pale pale, mikono miwili, vipanya viwili, taa mbili za kijani.

"Wamekuchelewesha. Wamesemaje?"

Akakaa.

"Njoo uone kwanza," Babu akasema. "Ona boksi zangu za kushoto. Zimenyooka au hazijanyooka? Nilipokuwa mgonjwa nilifanya mazoezi kwenye daftari la mdogo wangu. Nikasema huyu mama ataniponza na haya maboksi ya kilevi, au mimi nitamponza yeye."

Kweli zilikuwa zimenyooka. Mtu asingejua.

Skrini ya Babu ikazima. Akagonga kipanya, akaangalia waya chini ya meza, akaangalia skrini za wengine, zote zinawaka. Kisha yakatokea maandishi meupe, na yeye akayasoma akisogeza midomo. Alipomaliza hakugeuka.

"Kwa kadi?" akauliza.

"Kwa kadi."

"Ya mtoto."

"Ya mtoto, Babu."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hukuniuza kwa karanga."

Mkono wa Mama Kijacho ukaenda wenyewe kwenye kipanya cha Babu, kipanya kilichokufa, ukaanza kukisogeza, kushoto, kulia, kushoto, mbele ya skrini nyeusi. Machozi yakamdondoka juu ya tumbo. Chake kikabaki kimetulia. Taa yake ikageuka njano.

Babu ndiye aliyeiona. Alikuwa ameshasimama, mkoba uko begani, na mlinzi anakuja kwenye safu. Akainama, akaushika mkono wa Mama Kijacho, akautoa kwenye kipanya kilichokufa, akauweka kwenye kile kizima.

"Chora, mama," akasema. "Wiki tatu."

Akaondoka na mlinzi. Picha ikaja: njia panda, watu saba, mbwa mmoja. Mama Kijacho akachora wa kwanza. Taa ikarudi kijani. Akachora wa pili, wa tatu. Mtoto akageuka tena, akakalia kibofu kwa uzito wake wote, na Mama Kijacho, bila kufikiri, akanyoosha mkono kugusa bega upande wa kulia.