Kiti Kimoja kwa Nyumba Moja

Mtaa ule ulikuwa na utaratibu wake wa mikutano, na wenyewe waliuona wa haki kuliko wa bungeni. Kila mwenye nyumba alikuja na kiti chake kutoka kwake. Kura haikuwa ya mkono wala ya karatasi: ukikubali, unabaki ulipo, ukikataa, unabeba kiti chako unakwenda kukiweka upande wa ukutani, kisha viti vinahesabiwa. Wapangaji nao walikaribishwa, maana mtaa ulijiona wa kiungwana, ila walisimama nyuma. Asiye na kiti kazi yake ilikuwa kusikiliza tu.

Siku ya mkutano wa maghorofa, Mama Majoho aliwahi. Alikuja na kiti cha marehemu mumewe, kile chenye mikono, akakiweka mstari wa mbele. Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Alishona majoho ya mahafali ya chuo kikuu kilichokuwa mwisho wa barabara, na pindo zake alizimalizia kwa mkono, hakutaka kusikia habari za mashine kwenye pindo. Alishonea sebuleni, ubavuni mwa dirisha la upande wa jua, kwa sababu kitambaa cheusi na uzi mweusi kwenye taa ni kujitesa, tena ukiwa na macho yaliyokwisha kuchoka. Dirisha lile ndilo lililomlisha tangu awe mjane.

Sasa jirani wa upande ule ule wa dirisha alitaka kumpa tajiri mmoja kiwanja chake ajenge hosteli ya ghorofa nne. Halmashauri ikaleta swali kwa wakazi: mtaa uruhusiwe maghorofa, kwa kuwa chuo kimefurika na wanafunzi wanalala wanne wanne, au ubaki kama ulivyopimwa zamani, kiwanja kimoja nyumba moja? Afisa mipango miji alikaa mezani na kalamu yake, mtu mpole, mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi.

Mama Majoho alisimama akawapa vidonge vyao. Alisema mtaa si banda la kuku. Alisema ghorofa likisimama pale, yeye kazi basi, na wao wote wataanikwa, maana wanafunzi watawachungulia mpaka sufuriani. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na makofi, jamani, yana ulevi wake. Badala ya kukaa, akaongeza, "Sheria ya kiwanja kimoja nyumba moja ipo. Ifuatwe. Na asiyeifuata avunjiwe." Makofi yakarindima, na afisa akaandika.

Sasa niambie, ni nani mle ukumbini aliyekuwa na nyumba moja kwenye kiwanja chake? Hakuna. Kila uani palikuwa na vyumba vilivyojengwa kienyeji bila kibali, viwili hapa, vitano pale, vyote vimejaa wanafunzi na magodoro yao. Lakini mtaa haukuvihesabu. Mlango usiotazama barabara, kwao, haukuwa mlango wa nyumba. Walikuwa wamezoea hivyo miaka mingi, hata hawakujiona kuwa wanadanganya.

Katika chumba kimoja cha aina hiyo, uani kwa Mama Majoho, aliishi bintiye wa pekee. Alirudi kutoka kwa mume na mtoto mgongoni, akapata kazi ya upishi kantini ya chuo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitia sebuleni, akamtungia mama yake uzi kwenye sindano zote, akazichomeka kwenye pazia la dirisha zikae tayari. Hawakuzungumza sana. Sindano ndizo zilikuwa salamu yao.

Makofi hayajatulia, binti akaingia na aproni yake ya kantini. Mkononi alishika kigoda cha cherehani cha mama yake. Akakiweka katikati ya viti vya wenye nyumba, akakaa.

"Samahanini wazazi wangu," alisema. "Sisi tunaowapikia na kuwafagilia wanafunzi huko chuoni, tuishi wapi? Vyumba vikiwa vingi, kodi itapungua. Na mimi ningependa siku moja niwe na mlango wangu. Naomba maghorofa yaruhusiwe."

Mama Majoho aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mtoto wake mwenyewe, mbele ya watu, dhidi ya dirisha lake mwenyewe. Aligeuka bila kuinuka.

"Hicho ni kiti cha nyumba yangu, na nyumba yangu imeshakaa," alisema. "Wewe huna nyumba mtaa huu. Simama."

Binti akasimama. Akaenda nyuma kwa wapangaji, kigoda akakiacha pale pale. Viti vilipobebwa, karibu vyote vilikwenda ukutani, na kigoda kikabaki katikati hakina mtu. Mkutano ulipokwisha, Mama Majoho alikichukua mwenyewe. Kesho yake alikihitaji kwa kazi.

Haukupita muda, afisa akaja na vijana wa rangi. Waliingia uani baada ya uani, wakapiga alama nyekundu ya kuvunjwa kwenye vyumba vyote vya nyuma. Mama Majoho alimkimbilia na futi ikiwa bado shingoni.

"Baba, hiki usikiguse. Anakaa mwanangu humu."

Afisa hakumkebehi. "Mama, nilikuwepo," alisema. "Ulisema sheria ifuatwe na asiyeifuata avunjiwe. Ukasema huyu hana nyumba mtaa huu. Mtaa mzima ukapiga makofi. Ningeandika nini?"

Wale wa makofi sasa walipita getini kwake wakitema mate chini. Mwenyekiti wa mtaa alijitia hayupo. Barabarani wanafunzi waliotolewa vyumbani walikaa juu ya magodoro yao na vitabu mapajani, hawajui pa kwenda, na hakuna aliyetaka kuwatazama usoni.

Jioni Mama Majoho alimkuta binti akifunga vyombo, mjukuu amelala kwenye furushi la nguo.

"Ingia ndani, mwanangu. Chumba cha baba yako kipo, nitayahamisha majoho."

Binti alifunga fundo la furushi kwanza. "Nitakalia kiti gani, mama?"

"Yale yalikuwa maneno ya mkutano tu."

"Ulinisimamisha mbele ya wanafunzi wanaokula chakula changu kila siku." Hakupaza sauti. "Nimepata chumba ng'ambo ya reli. Sitaweza kupitia hapa asubuhi."

Asubuhi ile ya kuondoka alipitia mara ya mwisho mama akiwa bado kitandani. Pazia lilikuwa na sindano zote zimetungwa uzi.

Chumba cha uani kilivunjwa, na mwanga ukaingia sebuleni kwa pande zote mbili, mwingi kuliko alivyowahi kuupata. Msimu wa mahafali ulikuwa umewadia na majoho yamerundikana mpaka kwenye kiti cha marehemu. Alizitumia sindano zile kwa uchoyo, uzi mpaka nchani. Ya mwisho ilipoisha, alilamba uzi, akajaribu, akalamba tena, mpaka mate yakamkauka mdomoni. Kisha akatoka na sindano yake, akasimama getini kungoja mtu yeyote apite.