Kisanduku cha Kaka, Kioo cha Dada

...wala hatoki, atoke aende wapi, kiti hiki kakiburuta mwenyewe mpaka hapa, mgongo kauegemeza ukutani palepale penye soketi, anayetaka kuchomoa waya amchomoe yeye kwanza, kiuno kinauma, ndiyo, kiache kiume, kimeanza kuuma tangu uzazi wa kwanza na hakijamwangusha bado, na fundi alisema kwa kinywa chake, Bibi, hii kompyuta ikishaanza kugawanywa tumbo, huko inakoweka vitu vyake, asiiguse mtu, ikizimika katikati hakuna upande utakaopona, si wa zamani si mpya, michoro ya nyumba ya kaka kwaheri, maua ya kudarizi ya dada kwaheri, akauliza, kwaheri ya kurudi au? fundi akatikisa kichwa, basi yeye akafunga kanga vizuri akaja kukaa, na sasa mstari wa buluu unatambaa kwenye kioo, unatambaa kama bibi harusi anayeona haya, hatua moja, kusimama, hatua moja... huko koridoni mwanawe anatembea, anamjua kwa viatu, anakwenda mpaka mlango wa jikoni anarudi, anasema na ukuta, eti kazi ya watu, eti mteja anataka ramani leo, eti programu mpya za kuchorea nyumba haziingii kwenye huu mtambo wa zamani unaoiendesha kompyuta, angekwisha futa kila kitu mapema na kuweka mpya, saa hizi angekuwa anachora, na jikoni bintiye anajibu sufuria, anasema nayo kwa sauti ya kufika koridoni, jaribu ufute, futa uone, cherehani yangu ya kudarizi inasikia lugha ya mtambo wa zamani tu, mwisho wa mwezi nembo za sare za shule nzima utazishona wewe kwa rula yako... wanaongea na kuta, wanaongea na sufuria, wenyewe kwa wenyewe hawajasemeshana tangu siku ile, na siku ile yeye alikuwepo, alikuwa anachambua mchele hapohapo kwenye mkeka, aliona nani alifungua mdomo kwanza, analo, kaliweka, magomvi yote ya ukoo huu yako kwake, hakusoma hata darasa moja lakini muulize yeye shangazi gani alisusa harusi ya nani na kwa neno gani, atakwambia mpaka rangi ya nguo aliyovaa... kompyuta yenyewe walinunua wakipendana, kaka akaleta kisanduku, dada akaleta kioo, wakaviunganisha wanacheka kama wamezaa, halafu lile neno likatoka, mmoja akasema una miaka unachorea watu nyumba na wewe unalala kwa mama yako, na mwingine akasema ndiyo maana mumeo alikurudisha, hayo mawili, hayana la tatu, na yeye ndiye anayejua lipi lilitangulia, kesho yake dada akabeba kioo chake akaenda kukifungia chumbani, kisanduku kikabaki sebuleni kinanguruma kipofu, kaka akakaa mbele yake kama mtu aliyefiwa, yeye naye, mbele yao wote wawili, akachukua kibodi akaiweka chini ya godoro lake, akailalia, mbavu zikamuuma, lakini wakajua katika nyumba hii nani ni nani... Mama, utaumia kiuno, ingia ulale kidogo, nitaangalia mimi, hiyo sauti ya asali ni ya mwanawe, yupo mlangoni, alale? ili akiamka akute nini? alishawahi kuamka akakuta, nyumba ya mkwewe, shemeji zake wawili waligawana sebule ya marehemu baba yao, ukuta ukaanzia mlangoni ukaja, ukaja, ukafika penye dirisha, na mjenzi akauliza nizunguke? wakasema nyoosha, wote wawili, nyoosha, ukuta ukaingia katikati ya dirisha, huyu akabaki na bawa moja na yule bawa moja, komeo likaangukia upande wa huyu, mpini ukaangukia upande wa yule, dirisha halikufunguliwa tena mpaka wanakufa, walikaa ndani ya joto lile wanatokwa na jasho kila mtu upande wake, kukohoa wakikohoa wanasikiana, pole hakuna, na yeye alikuwa mke tu wa nyumba ile, alisema, akaambiwa kapike... sasa hakuna wa kumwambia kapike. Kaja fundi, kijana wa watu mpole, ana ndevu tatu na begi la nyaya, akasema si lazima kufuta, mitambo miwili inakaa ndani ya kompyuta moja, tumbo linagawanywa, kila mmoja na upande wake, akamuuliza, bila ukuta kupita dirishani? fundi hakuelewa, akasema ndiyo Bibi, akapenda alivyosema ndiyo, basi akatoa kibodi chini ya godoro, akawaita wawili hawa akawaambia kioo kirudi mezani, kompyuta itagawanywa, na atakayenuna anunie chumbani kwake... mstari umefika wapi, karibu nusu, au ni macho, fundi kakaa kwenye ndoo anapiga miayo, amezuiwa hata kunywa chai karibu na meza.

"Mama." Mwanawe kaingia kabisa sasa, kasimama mbele yake, mrefu, kivuli chake kimefunika kioo. "Sogea kidogo tu. Nichomoe, nianze upya, kiwe kitu kimoja safi. Yeye nitamtafutia yake."

"Chomoa, baba."

"Mama..."

"Nimekwambia chomoa. Mgongo huu hapa."

Na jikoni sufuria zimenyamaza, kumbe yule naye kasimama anasikiliza, anataka kujua kama kaka atathubutu, na mkono wa kaka umetoka mfukoni, mkono uleule aliouongoza kushika kijiko, unaning'inia hewani karibu na bega lake, haupandi haushuki, eti nina kazi ya watu Mama, anamjibu hata mimi niko kazini, nimekaa, na fundi kwenye ndoo anameza kicheko vibaya kinampalia, na yeye hacheki, anajikandamiza ukutani mpaka anasikia soketi ikimchoma mfupa, angekuwa na nguvu za zamani angesimama, sasa nguvu zake ni huku kukaa, mtu hamnyanyui mama yake kama gunia, hata huyu, hata kwa hasira hii, na anaona macho ya mwanawe yamemwacha yeye yakageukia mstari, yanaangalia, yanahesabu, naye anaogopa, kumbe anaogopa, na yake yamo humo, michoro yake yote ya miaka imo tumboni humo inasogezwa kama wagonjwa, akichomoa anajichomoa, mjinga huyu alifikiri anakata upande wa dada tu... mkono umerudi mfukoni, kakaa chini, sakafuni, pale pale alipokaa akiwa hajui kutembea, na bintiye kaja mlangoni na kitambaa cha vyombo, kaegemea, hakumwangalia kaka, kaangalia mstari, sasa wote wanne wanaangalia mstari kama watu wanaongoja mtoto azaliwe.

Fundi akakohoa. Akasema kuna jambo dogo limebaki, ikimaliza, kila mtu akiwasha kompyuta itauliza, unataka wa zamani au mpya, mtu akichelewa kuchagua yenyewe inaingia kwa wa kwanza. "Sasa Bibi, nimweke nani wa kwanza?"

Haa, ndiyo hiyo, hiyo hapo, imekuja yenyewe kwa miguu yake, na wote wawili wamemkazia macho, na hawaulizi kompyuta hawa, wanauliza lile jingine, nani alianza, ndilo walilokuwa wakimzungukia nalo kila mmoja kwa siri yake, binti na uji wa asubuhi, Mama wewe ulikuwepo, sema tu ukweli wako, kaka na mkate laini wa jioni, Mama mimi sina neno ila wewe ulisikia, kwa kweli tangu wagombane amekula vizuri, na leo alikuwa amekusudia kulitoa, alikuwa amelishika mdomoni tangu alfajiri, mstari ukifika mwisho atalisema mbele ya fundi, fulani alianza, basi, mmoja ashinde mmoja ainamishe kichwa, nyumba itulie... itulie? mmoja ashike komeo na mmoja ashike mpini, ndiyo kutulia huko? akitaja wa kwanza atakuwa amenyoosha ukuta yeye mwenyewe, yeye na ulimi wake, na wajukuu watazaliwa wanamjua huyo wa kwanza, la, hapana, wamekosea mlango, analo na litakaa naye, walete uji, walete mikate, watachoka.

"Haiwezi kungoja?" akauliza.

"Ingoje nini, Bibi?"

"Mtu. Ikae hapo na majina yote mawili, isiende kokote yenyewe, mpaka mtu achague kwa mkono wake, huku anaona na mwenzake yupo. Na uyaandike kwa ukubwa mmoja. Kusoma sijui, ukubwa nauona."

Fundi akajikuna ndevu zake tatu. "Inawezekana. Lakini itangoja hata kutwa nzima."

"Ingoje. Mimi nawangoja hawa tangu nawanyonyesha."

"Na nani alianza, Mama?" ni bintiye, kwa sauti ndogo, na kaka sakafuni kainua shingo, hee, wameuliza kwa mdomo mmoja, mara ya kwanza tangu siku ile wanataka kitu kimoja, waangalie walivyofanana wakikodoa macho, na yeye anafunga kinywa, anakifunga hasa, kama kanga, kiuno kinawaka, kiwake, mstari haujafika, uende utakavyo, yupo hapa, umeme unapita nyuma ya mgongo wake unaingia kwenye kisanduku cha huyu unatokea kwenye kioo cha yule, na hasemi, leo hasemi, kesho hasemi, wakitaka kujua waulizane...