Mbuyi wa 2019

Diski ya kompyuta ya Arsène, mpiga picha wa mtaa wa Kikula, ilikuwa ikikwaruza kwa sauti ambayo, haki ya Mungu, ungeisikia ukiwa mtaa wa Shituru na masikio umeyaziba. Ilikuwa inakufa. Na humo tu, si penginepo duniani, ndimo ilimobaki picha ya Mbuyi wa mama Fidélie, pacha aliyezikwa mwaka 2019, wiki ileile aliyopigwa picha.

"Usiogope, mama," alisema Tshimanga, mstaafu wa kiwanda aliyejifundisha kuandika programu. "Mistari yangu kumi na miwili inaingia folda ya kila mwaka, inabeba kila picha mpaka diski mpya. Hata paka habebake watoto wake vile!"

2016 ikapita. 2019. 2021, mwaka wa mwisho. Imekwisha! Tshimanga akaifungua picha ya Mbuyi kwa madaha. Mtoto mnono mwenye kofia nyekundu akawachekea.

"Huyu haiko wangu," alisema Fidélie.

"Mama, jina iko pale."

"Jina! Weye Muluba muzima, haujue? Pacha wa kwanza, kwetu Baluba bote banaitwaka Mbuyi, wa pili Kabanga!"

Tshimanga akaisoma upya mistari yake. Dada yake mwenyewe ni Mbuyi! Picha za miaka yote, zenye majina ya watoto tu, alikuwa amezirundika kwenye folda moja, na kila Mbuyi aliyeingia alimfuta aliyemtangulia, bila hata hodi, mpaka akabaki huyu mnono wa 2021.

"Rudia," Arsène alinong'ona, "lakini ile diski haitamaliza."

"Najua. Nyamaza."

Akaandika upya, vidole vikigongana: kila mwaka na folda yake, tuanze 2019. Diski ikakwaruza, ikanyamaza. Fidélie akashika ukingo wa meza. Majina yakaanza kupanda: Elikia. Gaëlle. Kabanga. Kimya kirefu.

Mbuyi.

Halafu tak! Diski ya zamani haikuonekana tena kwenye kompyuta.

Tshimanga akafungua. Mtoto mwembamba, macho makubwa, ngumi moja juu. Fidélie akaweka kiganja kwenye kioo. Arsène akapumua.

"Tumeshinda, Papa."

Tshimanga alikuwa akihesabu kwa vidole: 2016, 2017, 2018, 2020. Mbuyi wanne, na Kabanga wao, wote wamepotea na ile diski.

"Mama wa Mbuyi wa 2016 anaikala wapi?"

"Papa, ataniua!" alisema Arsène.

"Atatuua wawili. Vaa viatu."