Marehemu Anatakiwa Kufika Mwenyewe

Barua ilimtaka baba yangu afike mwenyewe ofisi ya kodi ndani ya siku kumi na nne, akiwa na kitambulisho halisi na nakala moja. Ilikuwa barua yenye adabu zake. Ilimwita Mpendwa Mlipakodi, ikamshukuru kwa ushirikiano wa miaka yote, kisha ikamtajia deni. Tatizo lilikuwa dogo tu. Mpendwa mlipakodi tulikuwa tumeshamzika miaka miwili na miezi minne iliyopita, na sikuona angefikaje, hata kwa nakala.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba, na nyuma, uani, kuna vyumba vitatu vya wapangaji. Baba alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani akitengeneza mizani na kuzirekebisha zipime haki, na wenye maduka walimpenda kama watu wanavyompenda mng'oa meno. Aliugua miaka minne. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, nikamwogesha, nikamlisha, kisha nikarudi kwenye cherehani. Baada ya mazishi familia ilikaa kikao na wote wakakubali, tena kwa sauti moja, kwamba nyumba ni yangu. Kukubali hakukuwa na gharama, kwa hiyo walikubali sana.

Aliyepewa kazi ya kuyatimiza hayo ni kaka yangu mkubwa. Tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kuingia mahali penye kiti cha mbele asikikalie. Mahakama ikamthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, naye akaupokea wadhifa huo kama aliyepewa wizara. Akanunua mkoba wa ngozi. Akaanza kusema "ofisi yangu itawajulisha", na ofisi yenyewe ilikuwa meza ya kulia chakula nyumbani kwake, ambayo mkewe aliihitaji ikifika saa saba mchana. Aliuza kiwanja cha baba, akagawa pesa: kidogo kwangu, kidogo kwa shangazi, na zilizobaki zikaingia kwenye gharama za usimamizi. Gharama hizo zilikuwa na milango minne na viti vya ngozi. Pango la vyumba vya uani alilipokea yeye kila tarehe tano, ati linakwenda kwenye akaunti ya mirathi. Nami kila nilipouliza kuhusu hati ya nyumba, nilijibiwa iko kwenye mchakato.

Kuna jambo moja lazima niliseme nisije nikajifanya malaika. Wiki moja baada ya mazishi nilimuuliza kama ofisi ya kodi imeambiwa kwamba baba hayupo.

"Haraka ya nini?" alisema. "Ukiwaambia mtu amekufa, wanakuja kuhesabu mpaka vijiko. Tumwache Mzee hai kidogo, mambo yatulie."

Simu ya baba alikuwa nayo yeye, na neno la siri la mambo ya kodi lilikuwa humo humo. Mimi nilikuwa na pini mdomoni na sketi arobaini mezani, shule zinafunguliwa Jumatatu. Sikubisha. Hivyo ndivyo baba alivyoendelea kuishi, na kwa kweli afya yake kwenye makaratasi ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa kitandani.

Basi barua ilipokuja nilimpigia Mwenyekiti, akafika alasiri ile ile. Aliisoma amesimama, akaikunja, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonewa.

"Unaona Mzee alichotuachia?"

"Deni lote hilo ni lake?"

"Jina si lake hilo hapo juu?" Akaketi kwenye kiti changu cha wateja. "Hapa hakuna ujanja, mdogo wangu. Nyumba iuzwe, deni lilipwe, kitakachobaki tutagawana kindugu."

"Kindugu ndiyo vipi?"

"Tutaona."

Kiasi cha deni lile nilikijua. Ningeshona bila kulala wala kula, ningekimaliza nikiwa na miaka tisini na sita. Na nyumba ikienda, cherehani naipeleka wapi, na mimi mwenyewe nalala wapi?

Siku mbili tu, mtaa mzima ukawa mawakili. Fundi viatu wa mkabala alinihakikishia kwamba deni la marehemu huzikwa na marehemu, kwa hiyo barua niichane. Mpangaji wa chumba cha kati alisema ukikaa kimya miaka mitano deni linajifuta lenyewe. Muuza mkaa alisema hapana, deni la serikali wanarithi watoto, halafu wajukuu, halafu vitukuu, na yeye anamjua mtu. Wote watatu walikuwa na uhakika kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ofisi ya kodi.

Aliyeniumiza ni shangazi. Alipiga simu baada ya Mwenyekiti kumpitia, na sauti yake ilikuwa imepoa.

"Kumbe kaka yangu alikuwa mtu wa namna hiyo," alisema. "Anapima mizani za watu, na yeye mwenyewe anaiba."

Barua ilikuwa na jina la baba na namba zilikuwa namba. Habari ya nyumba ilinitia hofu, lakini neno lile la shangazi lilinitia aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi. Nikaamua niende mwenyewe ofisi ya kodi, niombe tulipe kidogo kidogo. Mwenyekiti alipinga. Alisema mambo yale yana lugha yake, mimi ningeelewa nini. Alipoona nimeshaweka karatasi kwenye bahasha, akasema atanisindikiza.

Ofisi yenyewe ina mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni kwa boliti, labda watu walishajaribu kuondoka nayo kufidia walichotozwa. Kalamu ya kaunta imefungwa kamba. Tulipewa namba mia moja na saba, wakati huo wanahudumia ya sitini na mbili. Mwenyekiti alijitambulisha kwa mlinzi kama msimamizi wa mirathi, mlinzi akamwonyesha benchi lile lile tulilokalia sote.

Afisa aliyetuita alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo, na kidoleni amevaa kile kijimpira cha kufunulia karatasi. Alikuwa na uso wa mtu anayedanganywa tangu saa mbili asubuhi na bado ana adabu.

"Mlipakodi mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo," alisema Mwenyekiti.

"Atapatikana lini?"

Kaka akafikiri. "Ni vigumu kusema."

"Amesafiri?"

"Tuseme hivyo."

"Amefariki, mama," nilisema. "Huu mwaka wa tatu."

Afisa hakushtuka. Aliandika kitu, akatupa pole, halafu akaangalia skrini kwa muda.

"Ni mchapakazi marehemu wenu. Mwaka jana ameleta ritani, fomu ya mapato yake, mwaka huu ameleta tena, na mapema kabisa. Anasema vyumba vyake vitatu viko wazi, hapati hata senti." Akavaa miwani, akamtazama kaka yangu. "Ila ofisi ya ardhi wanasema kiwanja chake kimeuzwa na msimamizi wa mirathi yake. Sasa kule ni marehemu, huku ni mzima. Tukashindwa kuelewa. Ndiyo maana tukamwita aje atueleze mwenyewe."

Mwenyekiti alifungua mkoba, akaufunga.

Mimi nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena. "Samahani, mama. Deni la mzazi, sisi watoto tunalirithi?"

"Hapana. Deni la marehemu linalipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kabla hamjagawana. Mali ikiisha, yameishia hapo. Hatuji kuchukua ulichokitafuta kwa jasho lako."

"Na nyumba?"

"Iko kwa jina la nani?"

"La baba bado."

"Basi bado ni mali ya mirathi. Inaweza kuuzwa."

Mwenyekiti alinitazama kwa macho ya si nilikwambia. Nilishika ukingo wa kaunta. Yule mama alikuwa ameshabonyeza kitu, na mashine nyuma yake ikaanza kutapika karatasi.

"Lakini umeruka swali," aliniambia. "Hujauliza deni lenyewe ni la nani."

Akaitandaza karatasi mbele yetu. Akaniuliza baba alifariki tarehe ngapi. Nilipomtajia, alichukua rula akapiga mstari mwekundu katikati ya safu za namba, bila haraka.

"Juu ya mstari huu ni yeye. Chini ni nyinyi."

Juu ya mstari kulikuwa na miaka kumi na tisa. Kila mwaka mapato yametamkwa, kila mwaka kodi imelipwa, na safu ya adhabu ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Malipo ya mwisho kabisa, yaliyogusana na ule mstari mwekundu, yalifanyika kwa simu siku kumi na moja kabla hajafa.

Niliikumbuka siku hiyo. Wakati huo baba hakuweza kushika kijiko. Aliniomba simu, akawa anaibonyeza kwa kifundo cha kidole, anakosea, anaanza upya, karibu saa nzima. Nilidhani anachezea tu, kama wagonjwa wanavyochezea shuka. Nikamnyang'anya, nikamwambia kwa ukali apumzike, maana nilikuwa nimechoka na nina kazi. Alisema, "Nimeshamaliza, mwanangu." Sikumuuliza amemaliza nini. Nililia pale kaunta, mbele ya watu wenye namba mkononi, na sikujali.

Yule mama akasema kwa sauti ya kazi, "Marehemu hadaiwi."

"Naomba nipate nakala ya ziada," nilimwambia. "Ni ya shangazi yangu."

Alinipa mbili. Halafu akashuka chini ya mstari. Kule kulikuwa na pango la vyumba vitatu ambalo halikutamkwa, kodi ya kiwanja kilichouzwa, na adhabu ya ritani za uongo, maana kumbe wafu hawaruhusiwi kujaza fomu. Alieleza kwamba baada ya kifo, hesabu ni za msimamizi. Anatakiwa atoe taarifa, atamke mapato, alipe kwanza, ndipo agawe. Akigawa kwanza, anawajibika kwa mfuko wake mwenyewe.

"Akishindwa?" nilimuuliza.

"Tunageukia mali iliyobaki." Akachukua fomu mpya. "Nani alikuwa anapokea pango?"

"Familia," alisema Mwenyekiti.

"Familia haina sahihi. Nataka mtu."

Kaka alinigeukia. Chini ya kaunta alinishika mkono, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayeomba maji. "Dada yangu," alisema. Miaka yote ile ya mchakato nilikuwa "wewe" na "huyu". "Tuseme sisi sote. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi na wewe ni tumbo moja."

Sitasema sikusita. Ni kaka yangu, alinibeba mgongoni kwenda zahanati nilipovunjika mguu nikiwa na miaka saba. Lakini kusema sisi sote maana yake ilikuwa nyumba inalipa, yeye anabaki na milango yake minne, na mtaani itabaki hadithi ya fundi mizani aliyekufa mwizi. Niliutoa mkono wangu.

"Alikuwa anapokea yeye," nilisema. "Kila tarehe tano, na wapangaji wote watatu watakwambia hivyo. Na mimi nilijua baba hajatangazwa kwamba amekufa, nikanyamaza. Liandike na hilo, mama."

Aliandika yote mawili, kwa mwandiko ule ule. Akatupatia fomu ya taarifa ya kifo, nikaijaza mimi kwa ile kalamu ya kamba. Kaka aliandikiwa tarehe ya kurudi na vitabu vyake vya hesabu, na alipouliza kama mtu asiyeviweka vitabu hivyo anafanyaje, yule mama alimwambia aanze leo.

Tulishuka ngazi za nje mpaka chini. Hapo Mwenyekiti akautoa kwenye mkoba waraka wa mahakama uliomthibitisha kuwa msimamizi, akanisukumia kifuani.

"Haya, chukua. Kama unajua sana, kuwa msimamizi wewe. Nimechoka kuwatumikia watu wasio na shukrani."

"Nitakuwa," nilimwambia. "Na wa kwanza nitakayemdai mali ya baba ni wewe."

Alicheka, akidhani natania. Mimi nilikuwa nimeshamuuliza yule mama, wakati kaka anatafuta kalamu ya kusaini, mtu akitaka msimamizi aondolewe anakwenda wapi. Alinielekeza dirisha namba nne, mahakamani, ng'ambo tu ya barabara, na akaniambia wanafunga saa tisa. Ilikuwa saa nane na nusu, nikavuka.